Mtoto Akivua Kifaa cha Usikivu, Kagua Kifaa Kwanza

Mtoto mdogo anayevua kifaa chake kila mara huitwa mkaidi. Mara nyingi kuna kinachomkera, ila hana maneno ya kukisema.

Tazama sikio. Wekundu au kidonda maana yake moldi, yaani kile kipande laini kinachoingia sikioni, inabana au ina ukingo mkali. Mpelekee mtaalamu airekebishe. Mluzi nao husikika pale sauti inapovuja na kurudi kwenye maikrofoni: moldi haijakaa sawasawa, kuna nta, au sikio limekua. Masikio ya watoto wachanga hukua haraka, kwa hiyo moldi mpya huhitajika kila baada ya wiki au miezi michache. Tafadhali usipunguze sauti ili kuukomesha mluzi. Utakuwa umemnyima maneno. Akishtuka au kulia kila kelele inapozidi, mweleze mtaalamu apime upya.

Kila asubuhi kisikilize kifaa kwa stetoklipu, yaani mrija wa masikioni kama wa daktari unaokuwezesha kusikia sauti ya kifaa, kabla ya kumvalisha. Betri ikiisha, moldi inakuwa kizibo tu, na mtoto anasikia hafifu kuliko akiwa bila kifaa. Ana haki ya kukivua! Ukiona matone ndani ya mrija, tenganisha moldi na kifaa, puliza mrija kwa pampu ndogo ya mkono, na usiku hifadhi kifaa ndani ya chombo chenye vidonge vya kunyonya unyevu. Moldi pekee ndiyo inayooshwa kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe kabisa.

Baada ya hapo ndipo lije suala la mazoea. Anzia kwenye chumba kitulivu, mtoto akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, na mchezo aupendao uwe tayari mikononi. Alama nyekundu ni sikio la kulia, bluu la kushoto. Akikivua, kirudishe kwa utulivu. Akikataa katakata, kiweke kando na ujaribu tena baada ya dakika chache. Msivutane. Ongeza muda siku hadi siku mpaka akivae saa zote anapokuwa macho, isipokuwa kuoga na kuogelea, kwa kuwa ubongo hujifunza lugha kwa kuisikia mfululizo.

Kamba yenye klipu, ikifungwa mgongoni mwa nguo, huzuia kifaa kupotea. Kibweta cha betri kiwe na kufuli: akimeza betri, mkimbize hospitali papo hapo, hata kama haonyeshi dalili yoyote.