Jipu, Arosto na Dirisha la Methadoni: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaojidunga heroini, au kwa ndugu wanaoishi nao. Nimechagua tano. Majina nimeyaondoa, na baadhi ya barua nimezifupisha.

Kijana wangu wa miaka 27 anajidunga. Ana jipu kwenye kiwiko, hii ni wiki ya pili. Zahanati walimwambia aache unga kwanza ndipo arudi, na sasa hataki kusikia neno hospitali. Nifanyeje? (Mama, Temeke)

Pole sana, mama. Nianze na hilo aliloambiwa: hakuna kanuni yoyote ya tiba inayosema jipu la mraibu lisubiri hadi aache dawa za kulevya. Jipu hilo ni usaha uliotokana na bakteria walioingia na sindano, mara nyingi wakitoka kwenye ngozi yake mwenyewe, na dawa yake ni kupasuliwa na kusafishwa na mtu mwenye vifaa safi. Antibiotiki za kununua dukani peke yake kwa kawaida hazitoshi. Tafadhali msilikamue wala kulitumbua kwa wembe, kwa sababu chini ya kiwiko hapo inapita mishipa mikubwa ya damu.

Rudini asubuhi, na ikiwezekana mwende na mwelimisha rika wa asasi inayohudumia waraibu katika eneo lenu, kwa kuwa hawa wanawafahamu wahudumu na wamezoea lugha ya dirishani. Mkikataliwa tena, ombeni kwa adabu kumwona mganga mfawidhi. Mkiulizwa PF3, elezeni kwamba fomu hiyo ya polisi ni kwa majeraha ya ajali na ya kushambuliwa, na jipu si mojawapo.

Kuna jambo ambalo wengi wetu kwenye vituo hatulioni. Mtu mwenye arosto, yaani ugonjwa unaompata mraibu mwili unapokosa unga, akikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu, pua inamtiririka, tumbo linamkata, jasho linamtoka, naye amevaa shati la mikono mirefu ili majirani wa foleni wasione makovu. Akinyanyuka na kuondoka kabla ya kuitwa, kwenye daftari anaandikwa “ametoroka”. Hajatoroka matibabu, mwili ndio uliomwondoa. Kwa hiyo mwambieni muuguzi wa mapokezi mapema, kwa sauti ya chini, kwamba mgonjwa hataweza kukaa muda mrefu.

Akiwa na homa na kutetemeka, akikosa pumzi, kifua kikimuuma, au mguu mmoja ukivimba, msisubiri kesho. Bakteria waliopita kwenye mshipa wanaweza kukaa kwenye vali za moyo, hasa upande wa kulia, na tiba yake huwa ni antibiotiki za mshipani kwa wiki kadhaa, akiwa amelazwa. Ndiyo maana homa ya mtu anayejidunga haifai kuandikiwa dawa ya malaria na mambo yakaishia hapo. Daktari lazima ajue kwamba anajidunga, na kijana hatalisema hilo kwa mtu aliyemfukuza wiki iliyopita.

Nimekaa kwenye methadoni mwaka mzima bila shida. Nimegundulika na kifua kikuu, nimeanza dawa, na wiki ya pili arosto imerudi kila jioni. Kliniki wanahisi nimerudia unga. Sijarudia. (Msomaji, Kinondoni)

Ninakuamini, na sayansi iko upande wako. Rifampisini, ambayo ni mhimili wa dawa za kifua kikuu, huliamsha ini kuvunjavunja methadoni, ile dawa ya kunywa unayopewa kliniki badala ya heroini, kwa kasi kuliko kawaida. Dozi iliyokuwa ikikutosha hadi kesho yake asubuhi sasa inaisha jioni. Suluhisho ni kuongezewa methadoni hatua kwa hatua chini ya uangalizi. Usiache dawa za kifua kikuu, wala usizime arosto kwa kete ya heroini, maana kete juu ya methadoni inaweza kukuzimia pumzi.

Nenda na pakiti ya vidonge mkononi, uioneshe kliniki. Watu hupoteza miezi kwa sababu kifua kikuu kinatibiwa jengo moja na methadoni jengo la pili, na hakuna karatasi inayotoka huku kwenda kule isipokuwa mgonjwa mwenyewe aibebe. Kama unatumia pia dawa za kufubaza VVU, zitaje kwa majina. Efavirenzi na nevirapini huishusha methadoni vilevile. Dolutegraviri haiigusi, lakini yenyewe hushushwa na rifampisini, na ndiyo maana wanaotumia zote mbili huandikiwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Na jambo ambalo husahaulika sana: utakapomaliza rifampisini, ini litarudi kwenye mwendo wake katika wiki zinazofuata, na ile dozi iliyopandishwa itakuwa kubwa mno. Waulize tangu sasa itashushwa lini.

Mwanangu kila siku anakwenda kunywa methadoni. Huku si kubadilisha unga kwa unga wa serikali? Na kazi ataifanya saa ngapi? (Mzee, Mbagala)

Swali lako la kwanza, mzee wangu, nimelisikia misikitini, kanisani na hata ndani ya wodi. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, hilo halifichwi, na akiiacha ghafla ataugua. Tofauti iko kwenye mwendo. Heroini hupanda kwa kishindo na kushuka baada ya saa chache, kwa hiyo mtu hufukuzana na kete mara tatu au nne kwa siku, na kila mara ni pesa, sindano na hatari ya kukamatwa. Methadoni hunywewa, hupanda polepole, na hudumu mwilini zaidi ya siku nzima. Akipata dozi inayomfaa halewi wala haugui. Anaweza kula chakula chake na kulala. Kwa kutojidunga anaepuka VVU, homa ya ini na majipu. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na Kenya ikaanza mwishoni mwa 2014 pale Mathari, Nairobi.

Kuhusu kazi, hapo malalamiko yako ni ya haki kabisa. Mgonjwa hufika dirishani, hunywa mbele ya mhudumu, kisha husemeshwa neno moja ili ijulikane amemeza; jambo la dakika mbili linalokula nauli ya kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Fundi ujenzi anayetakiwa saitini saa moja asubuhi atachagua kipi? Marekani, ambako masharti ya methadoni yalikuwa magumu sana, iliruhusu Machi 2020, wakati wa UVIKO-19, wagonjwa waliotulia wachukue dozi za hadi siku 28 nyumbani, na mwaka 2024 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu. Kwa maoni yangu, aliyetulia kwa mwaka mzima anastahili kuaminiwa walau na dozi ya mwisho wa wiki. Mwanao na aulize kliniki yake inaruhusu nini.

Nimeambiwa nina homa ya ini aina ya C. Sijawahi kuchangia sindano, tulichangia kijiko na pamba tu. (Msomaji, Tanga)

Kijiko, pamba na maji ya kusuuzia vinatosha. Virusi vya C ni vigumu kufa. Majaribio ya maabara yamewahi kuvikuta vikiwa hai ndani ya bomba la sindano hata baada ya siku 63. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unapona kabisa. Vidonge vya sasa, kwa kawaida vya wiki 12, huwaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100, na kuendelea kutumia heroini si sababu ya kunyimwa. Kipimo cha kwanza huonesha tu kwamba uliwahi kukutana na virusi, kwa hiyo omba kipimo cha pili cha kuhakikisha kama bado vipo. Omba pia chanjo ya homa ya ini B kama hujawahi kuipata.

Mdogo wangu anatoka gerezani mwezi ujao baada ya miaka miwili. Hajagusa unga muda wote huo. Tumeshapona? (Dada, Mombasa)

Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote, dada yangu. Mwili wake umesahau heroini, lakini yeye anakumbuka kiasi alichokuwa akitumia. Akirudi maskani akajidunga kipimo kile cha zamani, kinaweza kumuua. Mzungumzieni hili waziwazi kabla hajafika nyumbani, na kama atakubali, mumpeleke kliniki ya methadoni siku hiyohiyo.

Mkimkuta haamki, midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa shida au anapumua mara moja moja, msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, na msimmwagie ndoo ya maji. Mwiteni kwa nguvu na mumsugue kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, ombeni msaada wa hospitali na mumpulizie pumzi mdomoni mkiwa mmeibana pua. Akianza kupumua mwenyewe, mlazeni kwa ubavu. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, hurudisha pumzi ndani ya dakika chache, kwa hiyo ulizeni asasi ya karibu yenu kama wanayo na kama wanafundisha kuitumia. Nguvu yake huisha mapema kuliko ya heroini yenyewe, mara nyingi ndani ya saa moja na nusu, kwa hiyo hata akiinuka akadai amepona na anataka kwenda zake, kaeni naye.