Filamu za huzuni zimenifanya mpweke ndani ya ndoa?

*Shangazi, shikamoo. Ni miezi 5 tangu nifiwe na mama. Kila usiku mume wangu akilala, natazama kwenye simu filamu za Kijapani na za Kirusi, zile za kimyakimya. Nalia, kisha napata nafuu. Yeye anasema najitafutia msiba mwingine. Nilimwomba tutazame pamoja, dakika ya 20 akawa anakoroma. Je, naumwa? – Binti wa Tanga*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kumlilia mama si ugonjwa. Matanga yetu yana watu, masufuria na turubai. Wakishaondoka wote ndipo kimya kinapoanza, na filamu hizo zinakaa nawe humo.

Ila unazitazama vibaya. Filamu ya polepole husema kwa vitu vidogo vilivyo nyuma ya chumba: birika, nguo kambani, moshi wa bomba la kiwanda. Kwenye simu hivyo vyote vinapotea, wanabaki watu walioketi tu. Mumeo atakosaje kukoroma?

Anzeni na Tokyo Story ya mwongozaji wa Kijapani Yasujirō Ozu, ya mwaka 1953. Ina dakika 136, kwa hiyo mle mapema, na saa 1:30 usiku iwe imeshaanza, kwenye runinga. Mwambie kabisa kwamba haina rangi. Usichukue iliyotafsiriwa na ma-DJ. DJ akishajaza maneno kila penye kimya, hakuna filamu tena. Maandishi ya chini yakitangulia sauti kwenye VLC, programu ya kutazamia video, ya kompyuta ya Windows, bonyeza H mpaka yalingane. Yakichelewa, bonyeza G. Na kama mumeo hasomi upesi, simamisha umsomee.

Ozu huweka kamera chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi sakafuni, na ni nadra kuisogeza. Aliyekulia mkekani hukizoea chumba hicho upesi.

Katika filamu hiyo, wazee wawili wanatoka mji wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto wana shughuli, wanawapeleka mji wa Atami kwenye hoteli yenye kelele. Anayewajali hasa ni Noriko, mkwe wao mjane. (Samahani, nitafichua mwisho.) Wakiwa njiani kurudi mama anaugua, na haponi. Asubuhi anapofariki, baba anatoka nje peke yake kutazama kunavyokucha. Noriko anapomfuata, mzee anamwambia alfajiri ilikuwa nzuri, na leo kutakuwa na joto. Basi. Hapo mumeo anaweza kuuliza, "Ndiyo nini sasa?" Simamisha filamu. Msimulie watu wa kwenu walikuwa wakifanya nini asubuhi aliyofariki mama, nani alikuwa jikoni, nani alikaa nje. Hata msipoimalizia usiku huo, si hasara.

Ukiwa peke yako, jipime baada ya kila filamu. Ukitamani kumpigia dada yako simu, imekufaa. Ukitamani nyingine papo hapo, saa 8 usiku, hapo unajificha, zima. Na kama wiki 2 mfululizo hulali, huli, hata yale uliyoyapenda hayakugusi tena, nenda hospitali ukaonane na daktari. Ukiwazia kujidhuru, usingoje wiki hizo. Nenda siku hiyohiyo, na umwambie mumeo.

Za Tarkovsky, yule mwongozaji wa Kirusi, msizikimbilie. Stalker yake inapita dakika 160. Mumeo atakoroma tena, na safari hii sitamlaumu.

– Shangazi