Kwa nini Wakanada na Wamarekani hawachezi lakrosi kwa namna moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha michezo katika shule ya sekondari wilayani Chamwino. Wanafunzi wangu wanatazama kwenye simu lakrosi, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, na wanasema kuwa Wakanada hushika fimbo na kumzunguka beki tofauti kabisa na Wamarekani, ingawa wanacheza mechi moja kwa kanuni zile zile. Tofauti hiyo inatokana na nini, na sisi tunaotaka kuanza tufuate mtindo wa nani? (Mwalimu, Chamwino, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana macho makali. Walichokiona hakitokani na maumbile ya wachezaji, bali na uwanja ambao kila mmoja alijifunzia mchezo tangu utotoni.

Katika miaka ya 1930, wenye kumbi za hoki ya barafuni nchini Kanada walitafuta namna ya kuzitumia majira ya joto, na ndipo lakrosi ya ndani ilipoenea: wachezaji watano na kipa kila upande, kuta zinazowazunguka, na goli dogo ambalo kipa aliyevaa mavazi mazito hulijaza karibu lote. Siku hizi timu huwa na sekunde 30 tu za kupiga golini. Kama vijana wetu waliokulia kwenye chandimu, aliyelelewa humo hujifunza kumiliki mpira akiwa amebanwa. Mtazameni Mkanada anayetumia mkono wa kulia: husimama upande wa kushoto wa goli ili fimbo yake ielekee katikati, huiweka karibu na sikio, husubiri mwenzake amzibie beki njia, kisha hupita ubavuni mwa mwenzake huyo na kumhadaa kipa mara moja au mbili kabla ya kupiga. Mara nyingi habadilishi mkono, kwa sababu nafasi aliyozoea haimlazimishi kufanya hivyo.

Mmarekani amelelewa kwenye uwanja wa wazi wenye urefu wa takriban mita 100, wenye wachezaji kumi kila upande, ambapo mabeki hushika fimbo zinazoweza kufika sentimita 180. Anayekabwa kwa fimbo ndefu namna hiyo hana budi kutumia mikono yote miwili, kukimbia kutoka katikati ya uwanja, kumpiga chenga beki wa kwanza na kutoa pasi mara beki wa pili anapokuja kusaidia. Mitindo hiyo miwili ilikutana katika fainali ya dunia ya wanaume mwaka 2023 mjini San Diego, ambapo Marekani iliishinda Kanada 10 kwa 7.

Isisahauliwe kwamba mchezo huu ni urithi wa mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini, na kwa Wahaudenosaunee, muungano wa baadhi ya mataifa hayo, ni sehemu ya imani yao. Timu yao ilicheza mashindano ya dunia kwa jina la taifa lao kwa mara ya kwanza mwaka 1990, na kwa maoni yangu hakuna wanaowafikia kwa ubunifu wa pasi, hasa zile zinazopitishwa nyuma ya mgongo.

Japani ni habari nyingine. Lakrosi ilianza huko mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Keio, na hadi leo wengi huanza kuicheza wakiwa chuoni. Hivyo hutegemea mbio, nidhamu na pasi za haraka. Katika lakrosi ya wanawake, iliyoanzia katika shule moja ya wasichana huko Uskoti mwaka 1890, kugongana miili hakuruhusiwi, kwa hiyo mabeki hukaba zaidi kwa miguu na kwa kujipanga vizuri.

Kuhusu mtindo wa kufuata, ninakushauri kwa dhati uanze na lakrosi ya wachezaji sita, ambayo ndiyo itakayochezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Uwanja wake ni mita 70 kwa 36, na kila mchezaji hushambulia na kukaba. Wafundishe kutumia mikono yote miwili kama Wamarekani, kisha kuzibiana njia kama Wakanada, lakini mwanzoni uzuie kugongana kabisa na utumie mpira laini, kwa kuwa kofia ngumu ni ghali. Zoezi la kuokota mpira chini lipewe muda mrefu zaidi, maana kwenye viwanja vyetu vya mchanga mpira haudundi vya kutosha kumfikia anayesubiri wima. Uganda, jirani zetu, walifika mashindano ya dunia ya wanaume mwaka 2014, wakiwa wa kwanza kutoka Afrika. Ukiweza, wasiliana na makocha wao kabla ya kununua vifaa.