W123 au W124?

Ndugu yangu, umeuliza ununue ipi kwa safari za kila siku, Mercedes-Benz W123 au W124, yaani misimbo ya kiwanda ya vizazi viwili vya gari hilo, W124 ikiwa ndiyo mpya zaidi. Chukua W124. Sasipensheni yake ya nyuma ina mikono mitano (vyuma vinavyoshikilia gurudumu) kila upande, hivyo gari hutulia kwenye kona, na bodi yake hukata upepo vizuri zaidi. Ila zile za petroli za 1993 hadi 1995 zikague nyaya za injini kwanza. Ganda la nyaya hizo hukauka kwa joto na kumeguka, na kuzibadilisha ni ghali.

W123, ya 1976 hadi 1986, naipenda mno, hasa 300D ya dizeli yenye silinda tano. Adui yake ni kutu: chungulia chini ya betri na pale jeki inapoingia.