Fremu iliyotumika: uichukue au uiache?

SWALI: Ndugu mafundi, nina urefu wa sentimita 172. Nimeonyeshwa fremu ya chuma ya baiskeli ya barabarani, ina magurudumu lakini haina usukani, na imeandikwa 56. Muuzaji anasema nikishusha kiti itanikaa vizuri. Nimwamini?

JIBU: Usimwamini kabla hujapima. Namba 56 kwa kawaida ni urefu wa bomba la kiti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedali kwenda juu. Ila watengenezaji wengine huishia katikati ya bomba la juu, wengine hufika hadi mdomo wa bomba la kiti, kwa hiyo fremu mbili zinazoitwa 56 zinaweza kupishana hata sentimita 2. Na bomba la juu likiwa limeinama kuelekea nyuma, namba hiyo haikuambii kitu cha maana.

Anza na mguu wako. Vua viatu, simama mgongo ukigusa ukuta, tanua miguu kidogo, kisha pandisha kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja mpaka kikae imara kama unavyokalia kiti cha baiskeli. Mtu mwingine apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Rudieni mara tatu, maana kitabu kikilala upande kipimo kinadanganya.

Tuseme umepata 80. Zidisha kwa 0.65, unapata 52: hilo ndilo bomba la kiti linalokukaribia, likipimwa hadi katikati ya bomba la juu kwenye fremu ambayo bomba hilo limelala sawa. Zidisha 80 kwa 0.883, unapata 70.6: hapo ndipo kiti chako kitakapokuwa takriban, kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya tandiko. Ni makadirio ya kuanzia, lakini tayari yanaonyesha kwamba 56 imekupita. Kwenye fremu ya namna hiyo yenye magurudumu ya 700C (saizi ya kawaida ya baiskeli za barabarani), bomba la juu linafika kama sentimita 81 au 82 kutoka ardhini, na mguu wako ni 80. Ukisimama ghafla umeipanda, utaumia. Tunapenda ibaki nafasi ya sentimita 2 walau.

Kushusha kiti kunasaidia miguu tu. Mikono na mgongo vinategemea umbali wa kwenda mbele, na hapo ndipo watu wengi hununua fremu wasiyoiweza. Kwa kuwa fremu yako ina magurudumu, ipime hivi: isimamishe wima kwenye sakafu iliyo sawa, tairi la nyuma likigusa ukuta. Pima kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya pedali, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya mdomo wa juu wa bomba la usukani. Toa cha kwanza kwenye cha pili, hapo umepata umbali wa kwenda mbele. Fanya vivyo hivyo kutoka sakafuni kwa sehemu hizo mbili, utapata urefu wa kwenda juu. Tumia pimamaji ili tepu isiende mshazari.

Sasa kapime baiskeli ambayo tayari unaipanda kwa raha, ulinganishe. Angalia jambo moja ambalo wengi hulipita: bomba la usukani limeinama, kwa hiyo kila sentimita 1 ya pete unayoweka chini ya shingo ya usukani (kipande kinachoushika usukani) huurudisha usukani nyuma karibu milimita 3. Fremu mbili zenye umbali mmoja wa mbele, lakini moja ikiwa ndefu kwenda juu kwa sentimita 3, hazilingani. Ukizipandisha usukani sawa, ile fupi inakuwa imekujia karibu zaidi kwa milimita 9.

Tofauti ya sentimita 1 hadi 2 unaweza kuirekebisha kwa kubadili shingo ya usukani, kwa mfano kutoka milimita 110 hadi 90. Ikizidi hapo, iache. Na usisogeze kiti mbele ili kuufuata usukani. Kiti hupangwa kwa ajili ya goti na pedali, ukikiharibu hapo goti ndilo litakalolipa.

SWALI: Hamjambo mafundi? Mimi fremu inanitosha, nimeshaipima. Ni ya chuma, rangi bado inang'aa. Nitajuaje kama haijagongwa au kuoza ndani?

JIBU: Hatujambo. Rangi inayong'aa isikutulize, hasa kama ni mpya kuliko fremu yenyewe. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, halafu ishike tochi ukiilaza karibu na bomba, mwanga upite kwa ubavu. Anza nyuma ya bomba la usukani, upande wa chini wa bomba la juu na wa bomba la chini, sentimita chache tu kutoka kwenye maungio. Baiskeli ikigonga ukuta au gari kwa mbele, bomba hujikunja hapo. Pitisha kidole taratibu: utahisi wimbi dogo ambalo jicho halikuliona, na mara nyingi rangi yake imepasuka kwa mistari myembamba ya kukata bomba kwa upana. Fremu yenye wimbi hilo usiinunue kwa bei yoyote, na uma wake, ule unaoshika gurudumu la mbele, pia usiuamini.

Kisha uzi. Funga uzi kwenye sikio moja la nyuma, yaani pale ekseli ya gurudumu inaposhikwa, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudishe hadi sikio la pili, uvute ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikipishana milimita 1 hakuna neno. Milimita 2 au 3 fundi mwenye vyombo ataweza kuinyoosha fremu ya chuma. Zaidi ya hapo, ujue kuna kisa ambacho hujaambiwa.

Halafu mwambie muuzaji alegeze bolti ya kiti na aitoe nguzo yote inayobeba kiti mbele yako. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, ikiingiwa na maji na jasho la chumvi kwa miaka bila grisi, hushikamana na bomba kiasi cha kulazimu kukatwa kwa msumeno vipande vipande. Ikikataa kuzunguka, usikubali maneno ya "tia mafuta tu, itatoka". Aitoe yeye kwanza, ndipo mzungumze bei. Ikitoka, soma kipenyo kilichochongwa kwenye nguzo. Kipimo kinachopatikana kwa urahisi ni milimita 27.2, lakini kuna 26.8, 26.6 na vingine, na milimita 0.2 zinatosha kufanya kiti kiteleze au kisiingie.

Nguzo ikiwa nje, mulika ndani ya bomba, kisha geuza fremu na uigonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Kutu ya vumbi jekundu ni ya kawaida. Vikidondoka vipande vyenye unene kama maganda, bomba limeliwa, na mara nyingi limeliwa zaidi pale chini penye ekseli ya pedali ambako maji hutuama. Hapohapo angalia hesi, yaani mizunguko ya skrubu ndani ya bomba fupi linaloshika ekseli ya pedali. Kwenye mfumo unaoenea zaidi, bomba hilo fupi lina upana wa milimita 68 au 73, na upande wa cheni hufunguka kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa. Ukikuta upana wa 70, huenda ni hesi za Kitaliano, ambazo pande zote mbili hufunguka kinyume na mshale wa saa. Watu wameharibu fremu nzuri kwa kulazimisha upande wa cheni kuzunguka kinyume na inavyotakiwa.

Mwisho soma namba ya fremu, kwa kawaida iko chini ya ekseli ya pedali. Ikiwa imesagwa, ondoka.

SWALI: Fremu ya alumini ina ufa mdogo karibu na bomba la kiti. Muuzaji atanipunguzia nusu ya bei nikachomelee. Inafaa?

JIBU: Hapana. Alumini ya fremu nyingi, kama ile ya aina ya 6061, hupata nguvu zake kwa kupikwa tanurini baada ya kuungwa. Ukiichomelea upya, eneo la kando ya ungio hulainika, na bila kuirudisha tanurini itapasuka hapohapo au pembeni yake. Chuma ndicho kinachovumilia kuchomelewa. Kaboni ni habari nyingine: kuigonga kwa sarafu na kusikiliza sauti ikibadilika kuwa butu kunaweza kukuonyesha ubovu, ila sauti nzuri haithibitishi uzima. Fremu ya kaboni iliyoanguka na isiyokaguliwa na mtaalamu hatumshauri mtu aipande.

SWALI: Nina magurudumu ya 700C, haba (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ina upana wa milimita 130. Fremu ya zamani ya chuma ina nafasi ya 126 kati ya masikio ya nyuma, na ilikuwa na magurudumu ya inchi 27. Vitaingiliana?

JIBU: Vinaweza. Milimita 4 hizo ni 2 kila upande. Chuma kinatanuliwa baridi bila moto, kwa sharti kila upande usogee sawa na masikio yanyooshwe tena yatazamane. Kwa alumini na kaboni usithubutu. Kuhusu breki, rimu ya inchi 27 ina kipenyo cha milimita 630 na ya 700C ni 622, hivyo vibao vya breki lazima vishuke milimita 4. Tazama kwenye mkono wa breki: kama tundu refu la kibao lina nafasi hiyo kuelekea chini, mbele na nyuma, endelea. Kama kibao tayari kiko chini kabisa, ongeza gharama ya breki zenye mikono mirefu, za milimita 47 hadi 57 au zaidi, kabla ya kumtajia muuzaji bei yako.