Rili na fimbo zilizotumika kutoka minada ya mtandaoni

Ndugu yangu, umeuliza kama ni busara kununua kwenye mnada wa mtandaoni, kutoka Uingereza, rili (kifaa cha kukunjia mshipi) na fimbo za kuvulia zilizokwisha kutumika, ili uvue sangara wa Murchison, kwenye maporomoko ya Mto Nile nchini Uganda. Rili ninakushauri ununue; kuhusu fimbo nina wasiwasi mkubwa.

Rili ya chuma niliyopata kwa muuzaji aliyepiga picha za gia zake inafanya kazi vizuri hadi leo, lakini fimbo niliyonunua kwa muuzaji mwingine ilifika ikiwa na ufa mwembamba kwenye pete ya ncha, ufa ambao picha haikuuonyesha na ambao ulikuwa ukikwaruza mshipi hadi ukakatika. Samaki anayeweza kuzidi kilo 100 hasamehi kasoro ya namna hiyo. Fimbo yako ikifika, pitisha pamba ndani ya kila pete. Nyuzi zikinasa, pete hiyo ina ufa. Mshipi wa zamani utupe, hata ukionekana mzima.

Kabla ya kutaja bei, jumlisha usafirishaji hadi Entebbe na ushuru wa forodha, kisha uweke kikomo chako, na mshindani akikivuka, mwachie.