Dada wa ngiri ya kitovu, mimi nilipasuliwa nikiwa na watatu wadogo

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Umepangiwa kupasuliwa ngiri ya kitovu wiki tatu zijazo, una mtoto wa miezi minne anayenyonya, mwenzake ana miaka miwili na bado anadai kubebwa, na baba yao yuko barabara ya Juba na trela. Unauliza umwachishe mdogo ziwa au la, na nani atashika nyumba.

Ngiri siijui. Mimi nilitolewa kidole tumbo, na tumbo lilifunguliwa kwa kisu, si vile vitobo vidogo vya kamera. Wa kwanza alikuwa na miaka mitano, wa kati miwili na nusu, kitinda mimba miezi mitano. Tunakaa Kawempe, Kampala, kwenye mizigo, yaani vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, bomba moja la uani kwa nyumba zote. Wewe una wiki tatu za kujipanga. Mimi niliamka na maumivu saa kumi alfajiri nikayasingizia maharage ya jana, jioni nikawa nimelazwa mezani.

Ziwa usimwachishe. Nesi wa zamu aliniambia nikamue na kumwaga siku mbili kwa ajili ya nusukaputi. Daktari wa usingizi alipopita akamsahihisha palepale: ukishaamka vizuri na unaweza kumshika mtoto, nyonyesha. Ila waambie mapema kwamba unanyonyesha, kabla hawajaandika dawa. Parasetamo na ibuprofeni hazimdhuru mtoto. Kodeini na tramadoli ndizo za kukwepa, maana hupita kwenye maziwa na zinaweza kumlegeza mtoto mpaka pumzi. Na ukiwa umepewa chochote cha kukusinzisha, usilale naye kitanda kimoja usiku huo, hata kama ndivyo mlivyozoea. Ukikamua maziwa ya akiba, nje ya friji hesabu saa nne, ndani ya friji siku nne, umeme ukiwepo. Hilo la umeme unalijua mwenyewe.

Kumnyonyesha, nilimpakata kwapani, miguu yake ikielekea nyuma yangu, ili asiupige mshono mateke. Usiku nilijilaza ubavu. Huyo mdogo kwa kweli hakunisumbua, maana unapomweka ndipo unapomkuta. Kumfunga mgongoni kwa kitenge ndiko sikuthubutu, kwa sababu lazima uiname kwanza, halafu fundo linakaa palepale panapouma.

Aliyenitoa jasho ni wa kati. Siku niliyorudi alinikimbilia kutoka mlangoni kichwa mbele, kikatua tumboni. Niliona nyota. Jioni ile nikamwonyesha bandeji, nikamwambia hapa mama ana kidonda, hapa hapaguswi. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa umetangaziwa kidonda cha mama, na kila mgeni aliyeingia alizuiwa mlangoni na kupewa masharti. Sikumnyanyua tena. Tuliweka kigoda kando ya kitanda, akitaka kupakatwa mimi nakaa kwanza, yeye anapanda mwenyewe. Mfundishe wako kuanzia leo, usingoje mpaka uwe na nyuzi. Na mto uwe karibu yako daima. Ukikohoa, ukicheka, au akija kwa kasi, unaukandamiza tumboni. Hata kwenye gari ya kukurudisha, usione aibu kuukumbatia, matuta ya barabara zetu unayajua. Boda siku hiyo hapana, lipa speshali, gari la kukodi peke yako.

Sasa nikwambie nilipokosea, maana ndicho kilichonifanya nikuandikie hivi virefu.

Siku tatu za kwanza nilikuwa na watu kuliko harusi. Mama alikuja kutoka Bombo, shangazi akaja, wakwe wakaleta ndizi, jirani yetu Nnalongo, ambaye pacha wake tayari wanamtosha, akaleta mulokoni, supu ya kwato za ng'ombe, kwenye flaski. Sikuwa na hamu ya kula wala sikuwa na kazi ya kuwapa. Siku ya sita kukatokea msiba Bombo, mama akarudi. Wengine walikuwa wameshaniona nimekaa nacheka, wakajua nimepona. Siku ya nane nikatolewa nyuzi, na mimi mwenyewe nikajiona nimefuzu. Siku ya tisa nepi zimejaa beseni, mume kazini, na kijana wa maji anataka shilingi 500 kwa jerikani kuitoa bombani mpaka mlangoni. Nikaona ananiibia. Nikaibeba mwenyewe.

Jerikani ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wangu wa miezi mitano alikuwa na kilo saba, na daktari alishasema nisinyanyue kinachomzidi yule kwa wiki sita. Siku ya kumi na moja mshono ukalowa, ukaanza kutoa usaha. Ukafunguliwa kidogo, ukasafishwa, ukafungwa, na hivyo kila siku kwa siku 12. Boda ilikuwa 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Jumla 72,000. Kwa hela hiyo yule kijana angeniletea jerikani 144.

Nesi hakusema ni jerikani peke yake. Shangazi naye, Mungu ambariki, alikuwa ameshanikanda tumbo kwa maji moto ya chumvi mara mbili kama mzazi wa arobaini. Nilimwogopa nikanyamaza. Wewe usinyamaze. Mshono mbichi unataka kukauka. Kama huwezi kumkatalia mkubwa, msingizie daktari, ndivyo nilivyofanya baadaye, na shangazi hakununa hata kidogo.

Kwa hiyo usikubali waje wote pamoja. Wiki ya kwanza mtu mmoja anatosha. Wengine wagawie kuanzia siku ya saba mpaka wiki ya sita, na usiwaambie "njoo unisaidie", mpe kila mtu kazi yake: wewe maji Jumatatu na Alhamisi, wewe kumwogesha wa kati jioni, wewe kufua. Mumeo kama yuko Juba atume hela ya maji na ya kufua kabla ya hela ya nyama. Kwako wewe wa ngiri ni muhimu kuliko kwangu, maana ukibeba mzigo mapema inaweza kurudi, uanze upya.

Kuna jambo halisemwi mbele za watu. Choo cha kuchuchumaa, baada ya tumbo kupasuliwa, ni adhabu. Tulinunua ndoo yenye mfuniko, nikaitumia ndani wiki mbili. Na dawa hizi zingine zinafunga choo, kusukuma nako kunauma, kwa hiyo papai kila siku na maji mengi. Kuamka kitandani geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa kiwiko. Godoro la chini liazimie kitanda, kutoka sakafuni utalia. Tembea kidogo kidogo tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni.

Homa, usaha, harufu, mshono kuachia, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, usingoje kliniki ya wiki ijayo, rudi siku hiyohiyo. Pumzi ikibana ghafla au kifua kikiuma, hata usiku, nenda.

Tuambie unakaa ghorofa au chini, na bomba liko umbali gani. Na huyo wa miaka miwili anamkubali nani zaidi ya wewe? Huyo ndiye wa kumwita kwanza.